Mia au Mia Mbili: Land Cruiser Ipi kwa Barabara za Uganda

Land Cruiser 100, ambayo hapa tunaiita mia, ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2007. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda, tangu iliporekebishwa 2018, inakataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Yaweke hayo mawili pamoja: hakuna mia nyingine itakayoshushwa Mombasa, ikavuka Malaba, ikaja kwetu. Zilizopo ndizo hizo. Hata mia mbili za mwanzo, yaani Land Cruiser 200 za 2008 na 2009, zimekwisha kufungiwa mlango.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Dada, nichukue mia au mia mbili?", simjibu papo hapo. Anadhani anachagua kati ya gari la zamani na la kisasa, kama mtu wa Tokyo au London. Hapa kwetu mia ni gari ambalo limekwisha kuishi nasi miaka mingi, limekunywa dizeli yetu, limezama katika madimbwi yetu na kupita mikononi mwa mafundi wa kila namna. Ukiinunua, unanunua na hayo yote. Swali la kizazi kipi ni bora nalipenda, na nitalijibu, lakini mbele yake kuna lingine zito zaidi: gari hili likizimika mahali pa mbali kuliko pote unapokwenda, nani atakayeliwasha?

Nimekulia Tororo, katika nyumba ambayo Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya mezani kwa sababu baba alikuwa mtu wa reli. Sasa nasafirisha watalii kutoka Entebbe. Wengi wao huenda Bwindi kuona gorila. Wachache wenye moyo huenda Kidepo, kule pembeni kabisa karibu na Sudan Kusini. Riziki yangu na ya madereva wangu imo katika magari haya, kwa hiyo nikisema gari fulani silitaki, sisemi kwa sababu ya sura ya taa zake.

Ukoo wenyewe uko hivi. Land Cruiser 80 iliingia sokoni 1990, ikiwa na ekseli nzima mbele na nyuma na springi za koili. Mwaka 1998 ikafuata 100. Mbele wakaiondoa ekseli nzima, wakaweka miguu inayojitegemea na pau za msokoto, zile ambazo mafundi wa Kisekka, soko letu la spea jijini Kampala, huziita toshenba, na gari likawa tulivu kwenye murramu iliyojaa mawimbi. Kwa wateja ambao hawakuuamini mguu huo, Toyota walitengeneza 105, yenye sura ya 100 na ekseli nzima chini yake. Nyingi mmeziona zikiwa nyeupe, zina nembo za Umoja wa Mataifa milangoni. 200 ilikuja 2007. 300 ilitangazwa Juni 2021.

Kuna namba moja katika ukoo huo ambayo hunifurahisha kila ninapoikumbuka. Kuanzia 80 mpaka 300, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma haujabadilika: ni milimita 2,850. Bodi imenenepa, injini zimekuja na kuondoka, lakini hatua ya gari imebaki ileile. Thamani ya hilo utaijua ukipanda kutoka Kabale kwenda Ruhija, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, msimu wa mvua, kwenye kona ambazo upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande wa pili unaona vilele vya miti. Hapo gari refu humlazimisha dereva kurudi nyuma kidogo ili amalize kona, na kurudi nyuma kwenye utelezi ule si jambo la kumfanyia mtu mwenye wageni nyuma yake.

Kwa hiyo wanaosema 200 ni kubwa mno kwa njia zetu, mimi siafikiani nao. Upana umeongezeka kwa sentimita 3 tu, kutoka 194 hadi 197. Kilichoongezeka kwa kweli ni uzito. Mia mbili ya dizeli inapita tani mbili na nusu kabla hujampakia mtu, na uzito huo hauonekani kwenye lami ya Mbarara. Utauona Karamoja mvua ikinyesha kwenye ule udongo mweusi unaonata, au kwenye mchanga wa mto Kidepo, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mto wa mchanga mtupu. Gari zito likizama pale, kulitoa ni kazi ya mchana mzima na majembe ya kuazima.

Twende kwenye injini, maana hapo ndipo penye mzozo.

Mia utakazozikuta Uganda kwa kawaida zina mojawapo ya injini tatu. Ya kwanza ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda 6 kwa mstari, isiyo na tabo (turbo) wala kompyuta. Hukutwa zaidi kwenye 105. Haina haraka. Nguvu zake ni kama farasi 130, na ukiwa umejaza watu na mizigo juu ya paa, kile kilima cha Kanaba kati ya Kabale na Kisoro utakipanda polepole huku foleni ikirefuka nyuma yako. Lakini ni injini ambayo fundi wa Kotido, kule Karamoja, anaifungua chini ya mti na kuifunga tena jioni hiyohiyo.

Ya pili ni 1HD-FTE, na hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ni lita 4.2 zilezile na silinda sita zilezile, ila ina tabo na valvu 24. Pampu yake inasimamiwa na umeme, lakini bado ni pampu ya mzunguko inayogawa dizeli kwa kila nozeli kwa zamu yake, kama pampu za tangu zamani. Kati ya ukale na usasa, wahandisi walisimama mahali pazuri sana. Ina pumzi ya kutosha kulipita lori kabla ya kona, nikiwa safari ndefu hunipa kilomita nane hivi kwa lita, na hitilafu zake nyingi fundi mzoefu huzitambua kwa masikio. Inachodai ni heshima kwa taimingi belti. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT, huwaka kilomita za belti zikitimia. Belti ikikatika, valvu hugongana na pistoni na injini imekwisha. Mtu akikuonyesha mia ambayo taa hiyo imewaka na yeye anasema "hiyo ni sensa tu", au swichi ikifunguliwa taa zote zinawaka isipokuwa hiyo, usiendelee kumsikiliza.

Ya tatu ni 2UZ-FE, petroli, V8 ya lita 4.7. Ni injini imara, inaishi miaka, na mlio wake kwenye mlima unapendeza. Tatizo lake ni kiu. Tuhesabu: kutoka Kampala hadi Kidepo kwa kupitia Gulu na Kitgum ni takriban kilomita 570. Ukipata kilomita tano na nusu kwa lita, unahitaji lita 104 hivi kwa kwenda tu. Lita ikizunguka shilingi 5,000, hiyo ni zaidi ya shilingi 500,000 kabla hujaanza kuzunguka mbugani kutafuta simba. Dizeli ya 1HD-FTE kwa njia hiyohiyo itaomba lita 71. Kwa mtu wa biashara, tofauti hiyo ikirudiwa msimu mzima ndiyo ada ya shule ya mtoto. Kuna jingine watu hawaambiwi: stata ya 2UZ wameificha katikati ya ile V, chini ya manifoldi ya kuvutia hewa. Stata ikifa, haifikiwi kwa kulala chini ya gari na spana mbili. Unang'oa sehemu nzima ya juu ya injini. Jijini ni kazi ya siku moja. Karenga, kule karibu na Kidepo, ni msiba.

Sasa mia mbili. Dizeli yake ni 1VD-FTV, V8 ya lita 4.5 yenye tabo mbili. Niliyoiendesha mimi ilinifanya nielewe kwa nini mawaziri hawataki kushuka. Inavuta kama vile mlima haupo. Haina belti ya taimingi, ina cheni. Ila dizeli yake haigawiwi kwa zamu. Inakaa ndani ya bomba moja kwa shinikizo linalopita mara elfu moja ya lile la hewa tunayovuta, kisha nozeli nane zinazofunguliwa kwa umeme zinaipuliza ndani ya silinda. Mafundi wanaita komon reli. Matundu ya nozeli hizo ni madogo kiasi kwamba tone la maji au chembe ya kutu ni adui mkubwa.

Na sisi dizeli tunainunua wapi? Kampala, Masaka, Gulu, hakuna shida kubwa. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na mafuta ya vituo vikubwa ni mazuri. Lakini ukipita Kitgum kuelekea Karenga, au ukitoka Moroto kwenda Kaabong, siku nyingine mafuta yako ndani ya jerikani, na hiyo jerikani jana ilibeba maji. Tuliwahi kununua hivyo kwa sababu hapakuwa na namna. Mia ilianza kukohoa mbele ya safari, dereva wangu akafungua koki iliyo chini ya filta, akamwaga maji hadi dizeli safi ikatoka, akapiga pampu ya mkono iliyo juu ya filta, tukaondoka. Mwenzangu wa kazi aliyekuwa na mia mbili ya dizeli alijazwa mafuta ya aina hiyo katika safari nyingine. Gari lilirudi Kampala juu ya lori, na zile nozeli nane hakuzipata Gulu wala Lira.

Mzee wangu wa Kisekka, ambaye amekuwa akinitengenezea magari tangu nianze kazi hii, nilipomuuliza juu ya 1VD alijifuta mikono kwanza. "Mama, injini ni nzuri. Lakini hiyo haifunguki kwa spana. Inafunguka kwa kompyuta kwanza, ndipo spana ifuate." Yeye kompyuta anayo, na kijana wake anaijua vizuri. Swali ni vijana wa namna hiyo wako wangapi ukishavuka daraja la Karuma kwenda kaskazini.

Kuna jambo lingine kuhusu dizeli ya 200 ambalo madalali hawalisemi, na nadhani wengine hawalijui. Japani, Land Cruiser 200 iliuzwa ya petroli peke yake. Hawakuwahi kuuziwa ya dizeli. Kwa hiyo 200 ya dizeli yenye usukani kulia haikutoka mnada wa Japani hata kama dalali ameapa. Ilitoka Uingereza, au Australia, au Afrika Kusini, au iliingia Afrika ikiwa mpya kwa ajili ya serikali, ubalozi ama shirika, ikauzwa ilipochoka. Kila asili ina dosari zake. Za Uingereza zimetembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo lala chini uangalie chasisi kwa tochi, hasa nyuma, karibu na tairi la spea. Nyingi za Ulaya pia zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kilichoundwa kwa dizeli yenye salfa kidogo kuliko yetu na kwa safari ndefu za kasi. Gari hilo likishinda kwenye foleni ya Jinja Road, kichujio huziba. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika kwa kawaida hazina kichujio hicho, na hizo ndizo za kutafuta. Hupatikana kwenye minada ya magari ya serikali na mashirika, zikiwa zimefanya kazi ngumu lakini kwa kawaida zimefanyiwa sevisi kwa ratiba.

Ile ya Japani unayoiona kwenye yadi za magari za Nakawa iking'aa ni ya petroli. Tangu 2009 Wajapani waliiwekea injini ya 1UR-FE, V8 ya lita 4.6, pamoja na gia sita, na kwa kuwa sheria yetu imekata za kabla ya hapo, kila mia mbili ya Kijapani inayoingia leo ni hiyo. Nitasema wazi kwamba ni injini nzuri mno. Ina cheni, haina tabo, haina nozeli za shinikizo la kutisha, na petroli yetu inaivumilia. Inakunywa kidogo kuliko 2UZ ya zamani, japo bado ni V8 na pochi yako italijua hilo. Kwa familia inayoishi Kampala, inayokwenda kijijini Bushenyi au Mbale sikukuu na kurudi, sioni gari bora kuliko hilo kwa bei yake. Mia ya miaka 20 kwa matumizi hayo ni ushabiki.

Nasema hivyo kwa sababu moja kubwa, na hapa nitaikosoa mia yangu bila kuionea huruma. Ripoti za kila mwaka za polisi wetu zimekuwa zikitaja vifo zaidi ya 4,000 barabarani. Aliyewahi kuendesha usiku kati ya Kampala na Masaka hahitaji ripoti. Mia nyingi zilizoletwa kwa soko la Afrika zina mifuko miwili tu ya hewa mbele, na 105 nyingine hazina hata mmoja. Mfumo wa kulishika gari lisiserereke upande unapokwepa bodaboda ghafla, kwenye mia ulikuwa wa matoleo ya juu tu. Mia mbili nyingi zinao, na zina mifuko ya hewa pembeni inayowalinda hata walioketi nyuma. Nimesimama kando ya ajali ya ana kwa ana na kuona ni nani aliyetoka akitembea. Mapenzi yangu kwa silinda sita za mstari hayana jibu kwa hilo. Mwenye watoto wadogo akiniuliza, namwelekeza kwenye gari jipya zaidi ambalo pesa yake inafika, na simchoshi na hadithi za pampu.

Kwetu sisi wa utalii kuna mtego ndani ya hilo. Wageni wanataka paa linalofunguka ili wasimame wapige picha, na Kampala kuna mafundi wanaolikata paa vizuri. Lakini ile mifuko ya hewa ya pembeni imejificha kandokando ya paa, juu ya milango. Ukilikata paa la mia mbili bila kujua zinapopita nyaya zake, umeliondolea gari kile ulichokilipia. Mia ya kawaida haina cha kupoteza hapo. Mimi mia mbili siikati paa. Mgeni wa Bwindi anakwenda kutembea msituni kwa miguu, paa la kufunguka la nini?

Lexus nayo inaulizwa sana. LX470 ni mia iliyovaa suti: petroli ya lita 4.7 na springi zinazopandishwa na kushushwa kwa mafuta ya haidroliki. LX570 ni mia mbili ya namna hiyo, yenye V8 ya lita 5.7. Ukizikuta kwa bei ndogo kuliko Land Cruiser ya umri huohuo, usidhani umeokota. Ule mfumo wa haidroliki una mitungi yenye gesi ambayo huchoka, na ikichoka gari hudunda kama mkokoteni. Mafundi wengi hapa huung'oa wote na kuweka springi za kawaida. Ikiwa umekwisha kung'olewa na kazi ni safi, mimi hiyo naiona nafuu. Ikiwa bado upo, bonyeza swichi ya kupandisha mbele ya muuzaji na usubiri gari lipande. Kama halipandi, mengine yote anayosema ni kelele.

Range Rover sitaizungumzia kwa kirefu. Ni gari tamu kuliko haya yote ukiwa ndani, na Kololo, kwa matajiri wa Kampala, zimejaa. Sijui fundi wa kuniondoa nayo Kaabong, basi.

Na 300? Shemeji yangu ananisukuma huko kila tukikutana. Toyota waliipunguzia uzito kama kilo 200 ikilinganishwa na 200, na hilo kwa mchanga wa Kidepo ni habari njema kweli. V8 haipo tena; dizeli ni V6 ya lita 3.3 yenye tabo mbili, nguvu farasi 309, na gia kumi. Ilipotoka, wauzaji wa Toyota kule Japani waliwataka wanunuzi waahidi kwa maandishi kutolipeleka gari nje ya nchi kwa mwaka mmoja, ndivyo lilivyogombaniwa. Siipingi. Lakini gari la biashara yangu nalichagua kwa spea zilizopo Kisekka, na spea hujaa Kisekka pale magari ya aina hiyo yanapoanza kuzeeka na kufunguliwa. 300 bado haijafika huko. Acha wenye ofisi waiendeshe kwanza, watuonyeshe panapouma.

Kwa anayetafuta mia sasa hivi, anza na namba ya gari kabla ya rangi. Kwenye namba za mtindo wa zamani, herufi za UA mwanzoni huonyesha gari lilisajiliwa hapa zamani, za UB ni za baadaye. Gari la 2003 lenye UA za mwanzo limekuwa hapa karibu maisha yake yote; la 2003 lenye UB lilitumika nchi nyingine miaka mingi kabla ya kuja, na huko ndiko kwa kuuliza. Omba logibuku uone limepita mikono mingapi. Kisha nenda asubuhi, kabla muuzaji hajaliwasha, uguse injini kama ni baridi. Dizeli nzuri ya lita 4.2 huwaka mara moja hata asubuhi ya Kabale. Moshi mweupe ukiendelea baada ya dakika chache, uliza nozeli na kompresheni. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Endesha ukikata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, ukisikiliza mlio wa tak-tak kwenye magurudumu ya mbele. Mia za miaka ya mwanzo zilikuwa na difu ya mbele dhaifu, kwa hiyo weka gia ya milimani, panda kilima kidogo, ukisikia kusaga mbele simama. Angalia zile toshenba: kama zimekazwa kupita kiasi ili gari lionekane limenyanyuka, mguu wa mbele utakuwa umekakamaa na vyuma vyake vya juu vinaweza kuwa na nyufa. Chasisi yenye rangi mpya nyeusi sehemu moja tu, kwangu, ina kitu kilichofichwa chini yake. Kilomita kwenye dashibodi usizitegemee sana. Tazama pedali ya breki, usukani, na kiti cha dereva kilivyokaa. Na nenda na fundi wako mwenyewe, aliyelipwa na wewe, asiyejuana na dalali.

Nilivyoamua mimi ni hivi. Kwa njia ya magharibi, ambako lami inafika Kisoro na vituo vya mafuta viko kila mji, nachukua mia mbili ya petroli ya lita 4.6 kutoka Japani, ya 2012 au 2013, ili wageni wangu na dereva wangu wawe na mifuko ya hewa inayofanya kazi. Kwa Kidepo na Karamoja nabaki na mia ya dizeli, na kwa mwendo wa magari yetu ya sasa nahitaji ya pili kabla mvua za Machi hazijaanza. Naitaka yenye 1HD-FTE, ya mwenye gari mmoja au wawili tangu iingie Uganda, paa lake likiwa limekatwa au halijakatwa ni sawa, ilimradi chasisi haijachomelewa. Sitaki 105 wala petroli. Kama unamjua mtu anayeiuza, nitumie ujumbe kabla hajampigia dalali, na ukiweza niambie belti ilibadilishwa lini na nani.